Zamu ya Maji

Karani wa ghala alisoma kwa sauti, kama anayeita makuruta:
kombati jozi mbili, buti, mkanda, kofia ya chuma,
blanketi moja, la kijivu.
"Blanketi liko wapi, Koplo Aminieli?"
Nilikuwa nimelisahau kitandani.
Kwa makosa yote niliyoandikiwa
hilo ndilo lililomchekesha.
Nami nikacheka, na magoti yakalegea pale pale,
maana ugonjwa wangu hauchagui:
huja na lindo, huja na kicheko.

Ulianzia Monduli, saa tisa usiku,
baridi ya kung'ata masikio.
Nimesimama, macho wazi, naapa, macho wazi,
sajini akaichukua bunduki mikononi mwangu
taratibu, kama mtu amtoavyo mtoto titi mdomoni,
nami nikaendelea kuota kwamba nimeishika.

Wakasema ulevi. Wakasema nimerogwa.
Siku kumi na nne mahabusu,
na humo, Mungu anisamehe, nililala vizuri.
Mpaka daktari wa Moshi aliponibandika nyaya kichwani,
akaandika jina refu la ugonjwa
na chini yake neno fupi: hafai.

Nikapanda Uru na begi lisilojaa.
Baba Kimaro, wa kampuni ya ulinzi mjini, akanidaka njiani:
"Mwanajeshi! Tuna lindo la benki, la usiku, njoo kesho!"
Nilimshukuru. Ningemwambia nini?

Mama alinimiminia kahawa, kikombe cha tatu.
Kahawa tunaichuma sisi; wanaokesha nayo wako ng'ambo.
Yeye mwenyewe hajalala usiku mzima
tangu nilipokula kiapo, mwaka wa sita huu.
"Labda," alisema, akipepeta maharage,
"Mungu alikosea anwani.
Usingizi wangu alikuletea wewe."

Alhamisi ikawa zamu yetu ya mfongo, saa nane usiku.
Mama alishajifunga kanga ya pili.
"Lala," nikamwambia. "Nitakwenda mimi."
Alinitazama.
Akanipa jembe, akazima taa.

Nikakaa penye kinywa cha mfereji, kati ya migomba,
nikanyoosha miguu kwenye mchanga mkavu.
Ulipokuja, safari hii sikupigana nao.

Maji yalipofika yalinishika vifundo.
Baridi yake ni ya mlimani, haina cheo,
haiandiki ripoti.
Nikaamka, nikabomoa tuta,
nikayaelekeza shambani,
na kule nyumbani, kupitia dirisha la mbao,
nikamsikia mama anakoroma.