Kishikwambi Hakikunijua

Mwezi wa tano tangazo limebandikwa kwa uji wa muhogo
kwenye mlango wa ghala la chama, hapa Mahuta:
SALFA YA RUZUKU. WAKULIMA WOTE WAHUISHE TAARIFA.
Nikalisoma mara mbili lile neno, wahuishe.
Nikamuuliza Nangumbi, Na marehemu wamo?
Maana shamba langu liko kwa jina la marehemu.

Foleni ilianza kabla ya adhana.
Mawe, ndoo, kandambili ya mguu mmoja,
kila kitu kimemshikia mtu nafasi.
Mimi niliacha bati langu la kukaangia korosho,
na saa tano bati likafika mezani, nami nyuma yake.

Afisa ugani ni kijana. Kola imenyooka,
buti lina udongo mwekundu wa juzi.
Nikampenda kwa lile buti.
Jina?
Somoe Nalinga.
Hapa naona Ismaili Chipojola.
Ndiye mume wangu.
Yuko wapi?
Shambani, nikamwambia. Mkorosho wa tatu kutoka njiani. Chini.

Akanyamaza, akasukuma kishikwambi.
Weka kidole, mama.
Nikaweka. Kikawaka chekundu.
Futa jasho. Nikafuta kwa kanga. Chekundu.
Cha shahada, cha kati, gumba la kushoto,
vidole vyote kumi, na kile kidude kinakataa
kama mtoto aliyeonja uji wa jana.

Miaka ishirini na miwili nabangua korosho,
kigongo, jiwe, majivu viganjani.
Mafuta ya ganda hayana adabu:
hula ngozi, husubiri iote, hula tena.
Mistari aliyonichorea Mungu nimeiuza kwa kilo.
Leo naambiwa nithibitishe mikorosho yangu
kwa kidole kilichofutwa na mikorosho.

Kijana akapekua mkoba. Upo mpango mwingine, akasema,
wa hifadhi ya udongo. Miche bure.
Picha ya korongo, fomu namba nne, mhuri wa mtendaji.
Korongo ninalo! Lilianza mwaka ule wa mvua,
likameza choo, likameza mikorosho miwili na kamba ya mbuzi.
Nikalipandia matete, safu kwa safu, peke yangu.
Sasa limetulia.
Akafunga fomu polepole.
Basi hufai, mama. Mpango ni wa makorongo yanayoendelea.

Nyuma yangu foleni ikaangua kicheko,
na mimi nikacheka, nifanyeje?
Nikachukua bati langu.

Lakini jioni nikasikia pikipiki.
Alikuja na daftari la karatasi, lile la zamani,
tukahesabu miti mpaka giza likatuzuia kuona shina.
Huu ulipigwa radi. Huu huzaa mwaka, hulala mwaka.
Huu nilijifungulia chini yake, mvua inanyesha.
Thelathini na minne. Aliandika yote, hata ya radi.
Kwenye wa tatu kutoka njiani alivua kofia.

Kisha akanitolea wino. Nikabonyeza gumba,
likaacha doa jeusi, laini, halina njia hata moja,
limepinda kidogo, kama korosho.
Pembeni yake akaandika: Ni yeye. Nimeona.

Salfa ilifika mwezi wa saba. Niliomba mifuko saba, nikapewa mitatu.
Ubwiri unga ulishalala kwenye maua ya kule juu;
nikapuliza ya chini, ya juu nikayaachia Mungu na upepo.

Juzi simu ikalia, ujumbe kutoka kwenye namba fupi.
NDUGU ISMAILI CHIPOJOLA, TAARIFA ZAKO ZIMEHUISHWA.
Nikavaa kandambili,
nikaenda mpaka wa tatu kutoka njiani,
nikamsomea.