Begi la Usiku Mmoja

Jirani ameuliza: Goma unaenda kufanya nini?
Nikamjibu: kufika.
Halafu?
Kurudi.
Akacheka mpaka sombe ikaungua jikoni kwake,
nasi Kadutu nzima tukainusa.

Miaka ishirini na sita navuka Kivu
na marobota ya mitumba,
suruali za Wazungu waliokufa au walionenepa,
nikilala juu ya mzigo, kamba nimejifunga kifundoni
ili mwizi akiivuta, aniamshe.
Leo Aganze amenikatia tikiti ya kabini:
kitanda, dirisha, blanketi la meli.
Akasema, Mama, safari hii usibebe kitu cha kuuza.
Sasa begi dogo limekaa kitandani, mdomo wazi,
linanitazama kama mtoto aliyesahauliwa kulishwa.

Naanza na vikwembe viwili.
Kimoja cha kuvaa, kimoja cha kila kitu:
shuka, pazia, taulo, kitambaa cha kumfutia machozi
yule mama ambaye hakosekani ndani ya boti.
Sweta, ndiyo. Wanaodhani ziwa lina joto
hawajapita Idjwi saa nane usiku,
upepo unapoingilia mkono wa blauzi
na kutokea shingoni, bila hodi.
Tangawizi ya kutafuna, tumbo likikumbuka mawimbi.
Mfuko wa plastiki, likiikataa tangawizi.
Sambaza za kukaanga, nimezifunga gazetini,
ingawa Aganze amesema chakula kimelipiwa.
Chakula kilicholipiwa hakijawahi kunishibisha.

Viatu vimenigombanisha na kioo.
Vile vyekundu, kisigino kama msumari,
nilivitoa robotani mwaka ule Nsimire alipoolewa.
Lakini Goma unatembea juu ya moto uliopoa;
lile jiwe jeusi linatafuna kisigino
na kukurudishia mguu wa kuchechemea.
Nikavitoa. Nikaweka raba.
Nikavirudisha. Vitatembea ndani ya kabini tu,
kutoka kitandani hadi dirishani, hatua nne,
nani ataniuliza?

Halafu chini kabisa, ndani ya soksi,
kile kivazi cha kuogelea, cha kijani,
kilichokaa mezani kwangu sokoni miaka kumi na mmoja.
Wateja walikinyoosha, wakakicheka, wakakirudisha.
Bei ilishuka mpaka ikafika bei ya nyanya tatu.
Siku moja nikaacha kukitandaza.
Sijui kuogelea. Kivu naijua kwa juu tu,
kama mtu mnayesalimiana njiani
bila kujua jina la mama yake.

Jile ya kujiokolea ipo chini ya kiti, nitaikagua kwanza.
Hilo silichekei; nawajua waliobaki majini.

Basi, begi limefungika bila kukaliwa.
Nikalinyanyua. Mkono, uliojiandaa kwa kilo hamsini,
ukapaa nalo hadi begani, nusura uniteguke.

Bandarini Cizungu mpagazi, tunayejuana tangu zamani,
alinizunguka mara mbili akitafuta.
Mama Nabintu, mzigo uko wapi?
Leo mzigo ni mimi, nikamwambia.
Akanipima kwa macho, kuanzia raba hadi kilemba,
akajifuta jasho ambalo hakuwa nalo:
Huo siuwezi. Panda mwenyewe.