Alama Kumi na Mbili

Barke kaweka karatasi mezani, kando ya sahani ya viazi.
Duara katikati, ndani yake neno MIMI,
na mishale minne inayolichoma:
familia, shule, marafiki, vyombo vya habari.
"Mama, wewe nani alikufanya uwe wewe?
Ni ya sosholojia. Lazima nihoji mtu mzima.
Alama kumi na mbili."

Ndio kwanza nimetoka zamu. Mikono yanuka dawa ya kuoshea sakafu.
Nje, Foleshill inalowa bila haraka,
jinsi Coventry inavyolowa.
Natafuta jibu la heshima. Nasema: Mama yangu.
Anaandika. Kalamu inabaki hewani.
"Na nani tena?"

Basi, redio.
Redio ya baba, ambayo betri zake tulizianika juani
zipate roho ya pili.
Kwetu Amu macho yalikuwa mato, njia ilikuwa ndia,
mpaka msoma habari wa saa moja,
mwenye sauti iliyopigwa pasi,
akanisahihisha mato nikiwa nimeyafumba nasikiliza.
Nikaanza kuona haya nyanya akiomba mai mbele ya wageni.

Kulia nilifunzwa na filamu za Kihindi,
shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala:
kwanza unageuza uso, kisha ndipo unaachia chozi.
Siku aliyokufa baba nililia hivyo hivyo.
Nilijiona.
(Hilo usiliandike.)

Kazini kuna mzee Pargeter, miaka tisini na mmoja.
Namwosha mgongo. Anasema kama watangazaji wa zamani,
kila neno limefungwa vifungo hadi shingoni.
Juzi, usingizini, alimwita mamaye
kwa lafudhi nyingine kabisa, pana, yenye matope,
ya baba aliyeunda baiskeli kiwandani huku huku.
Alipoamka vifungo vilikuwa vimesharudi.
Sikumwambia nimesikia.

"Hiyo nzuri," asema Barke. "Hiyo ni ya alama."

Nami nayajua mengine, yasiyo ya alama.
Ulipokuwa na miaka mitatu, mama mmoja mwema,
kitambulisho kikining'inia shingoni,
alikaa sebuleni hapa, akanywa chai yangu,
akanambia: sema naye Kiingereza, asije akachelewa.
Nikatii.
Nikakulea kwa Kiingereza cha kuazima, kilichotoboka,
na kila nilipotaka kukubembeleza
neno lilinikwama kama mwiba wa samaki.
Asiyefunzwa na mamaye —
methali yenyewe niliiacha nusu, nikafunga mlango.

Halafu mwaka jana ukaingia jikoni:
"Niaje, Mama! Leo umetokelezea!"
Mwiko ukanianguka.
Kiswahili. Si changu, wala si cha nyanya.
Cha mabinti wa Kariakoo na Eastleigh
wanaochora nyusi mbele ya simu,
ulichokiokota usiku chini ya blanketi
nikidhani umelala.
Mamangu, kwenye video, akasogeza sikio kwenye kioo:
"Mwana huyu kafunzwa ni nani?"
Nikamwambia: ulimwengu.
Na ulimwengu, Mama, siku hizi
una uzito wa kipande cha sabuni.
Nilicheka. Usiku nikalia,
na sikukumbuka kugeuza uso.

"Sasa Kiswahili changu nikiweke wapi?" auliza Barke.
"Familia au vyombo vya habari?"
Anaandika, anafuta, anaandika,
mpaka karatasi inatoboka karibu na MIMI.
Simu yake inawaka, inazima, inawaka.

Viazi vimepoa. Koo limenikauka kwa maneno.
Nasema, nisijue limetoka wapi:
"Nipe mai, mwanangu."

"Maji, Mama,"
ananisahihisha bila kuinua uso,
kwa sauti iliyopigwa pasi,
na anainuka kunichotea.