Nusu Nyingine

Mabamba mia mbili na kumi na mawili.
Niliyahesabu nikiyang'oa kwa mtalimbo, moja moja,
magoti juu ya mto wa kiti cha zamani.
Harm aliyatandaza mwaka tuliohamia Groningen,
akapangusa mikono, akasema:
basi, hakuna tena kufyeka majani.
Na kweli. Miaka thelathini na mmoja
hatukufyeka kitu.

Ila mvua nayo haikuwa na pa kwenda.
Ilikuja hadi jikoni, ikaingia bila hodi,
ikaloweka viatu vyake pale mlangoni
(nilikuwa bado sijaamua nimpe nani).

Chini ya zege nilitarajia ardhi.
Nikakuta mchanga wa manjano, umeshindiliwa,
baridi, hauna hata harufu,
kama uso wa mtu aliyelazwa wodini mno.
Nilifukua hadi mkono ukazama kiwikoni:
nyungunyungu hata mmoja.
Ndipo nikajua kwamba udongo nao hununuliwa.
Harm angecheka mpaka akohoe.
Wietske, umetoa pesa ukaletewa tope?

Nilitoa mara mbili.
Ya kwanza kwa simu, kwa mtu wa sauti tamu
na bei tamu kuliko sauti.
Mweusi, alisema, safi, umechekechwa.
Ulikuwa mweusi, hilo sikatai.
Ulikuwa pia na vigae vya choo cha mtu,
nyaya, kichwa cha mwanasesere,
na mizizi ya lile gugu ambalo ukilikata vipande kumi
unapata magugu kumi.
Rahisi ni ghali. Nililipia hata kuondolewa kwake.

Ya pili nilipanda baiskeli hadi kwa Teunis Bakema,
ng'ambo ya reli, mifereji inakoanza kunyooka.
Hakutaja bei. Alinipa konzi.
"Finyanga."
Nikafinyanga. Ukashikamana.
"Sasa uguse kwa kidole."
Ukaachia, taratibu,
kama mkono wa mtu anayeamini kwamba utarudi.
"Ukibaki donge, huo ni wa kufinyangia vyungu.
Ukimwagika kabla hujaugusa, mchanga huo.
Huu unajua kushika, na unajua kuachia."
Akanusa. Nikanusa:
uyoga, ghala la viazi, mvua ya jana.
"Utapanda nini?"
Hilo sikuwa nimelifikiria.

Mita tatu za ujazo zikamwagwa barabarani Jumamosi,
mlima mweusi mahali pa kuegesha gari.
Nyumba zetu zimebanana ukuta kwa ukuta, hazina njia ya nyuma,
kwa hiyo kila toroli lilipita ndani:
chini ya koti lake, kando ya friji, kizingiti, nje.
Jurre wa jirani akisukuma,
Bi Soekhai akishika mlango kwa kiuno
na kututajia pilipili atakazoniletea.
Safari sitini na nne. Zulia halitapona.
Niliacha bamba moja tu, la chini ya kiti chake.
Si huzuni. Mtu anahitaji pa kuweka kahawa.

Kisha ikanyesha siku tisa.
Maji yalikuja, yakauliza njia, yakaonyeshwa chini.
Jiko kavu.
Lakini asubuhi ya kumi bustani ilikuwa imeshuka
upana wa kiganja,
na bamba limebaki juu peke yake, kama jino.

Nikapiga simu kwa hasira ya mtu aliyekwisha kuibiwa.
"Hujaibiwa," Teunis akasema. "Unakaa tu.
Udongo ukihamishwa hauna budi kukaa.
Nilikwambia ununue kuzidi kipimo."
Hakuniambia. Au aliniambia,
nami nilikuwa nikinusa.

Dirishani ndege mweusi alikuwa akivuta
kitu chekundu, kirefu, kisichotaka kutoka.
Alikaza miguu, akaegemea nyuma, akavuta tena.
Sijui kilifikaje, kwa toroli lipi.

"Niletee nusu nyingine," nikasema,
nikavaa viatu vya Harm, vilivyokwisha kukauka,
nikatoka kupima.