Tundu la Nne

Odling aliniruhusu kwa masharti matatu:
nifukie kila shimo, nifunge lango,
na nisimuulize habari za mwanawe.

Basi naingia alfajiri ya Oktoba. Shayiri imekwisha vunwa,
mabua yanakwaruza viatu,
na baridi ya Lincolnshire imenikalia shingoni kama deni.
Naipitisha mashine kushoto, kulia, chini chini,
kama mtu anayefagia uwanja usio wake.

Inalia. Kila siku inalia, na ni mwongo hodari:
kizibo cha bia, nati ya trekta,
karatasi ya sigara inayong'aa kama mahari.
Clement aliniachia mashine na mfuko wa betri.
Subira hakuniachia;
hiyo nimeichimba mwenyewe, mwaka wa nne huu.

Kando ya mtaro, penye udongo mzito usiokauka,
mlio ukabadilika.
Chuma hukwaruza sikio. Shaba hutua.
Huu ulitua.

Nikapiga magoti, miaka sitini na minane na magoti yake,
nikachimba kwa mwiko, kisha kwa vidole,
likatoka: bizimu,
kijani cha yai la bata, na nyuma yake
kitu cheusi, laini, kama sikio la mbwa mzee.

Sikulisugua. Wageni wa kazi hii hutema mate wakasugua,
wakafuta jina kabla ya kulisoma.
Nililaza bizimu kwenye pamba, ndani ya kopo la vidonge vya Clement,
nikalipeleka mezani, chini ya taa.
Tone la maji. Kijiti cha meno. Tone.

Moyo, bila shaka, ulitaka Mrumi.
Kila moyo hutaka Mrumi.
Lakini tazama: pete mbili zilizoshikana kama tarakimu nane,
mhimili katikati, makovu ya tupa pembeni,
ya mkono uliokuwa na haraka ya kuwahi soko.
La kiatu lingepinda kufuata mguu; hili limenyooka.
La farasi lingekuwa nene zaidi.
Ulimi wake ulikuwa wa chuma, kutu imeula,
limebaki waa la rangi ya chai.
Lisilo na ulimi husomwa umbo.

Bi Anstey wa makumbusho akaliinua kwa kibanio.
"La mkanda. Miaka mia nne, toa au ongeza kizazi.
Yapo maelfu. Halina bei."
Kisha akanyamaza, akaivuta taa karibu.

Kile cheusi kilikuwa ngozi.
Sumu ya shaba na maji ya mtaro
vimeizuia kuoza, kiasi cha urefu wa kidole,
na juu yake matundu: matatu ya fundi,
mviringo, yamepimiana nafasi,
na la nne mbali, mbali sana,
limekwenda upande, limetobolewa kwa msumari.
Mkanda ulipotea ukiwa umefungwa pale.

Husemwa, mambo yakiwa magumu, kaza mkanda.
Husemwa kirahisi.
Huyu alitafuta msumari.

Au labda si njaa. Labda baba alikufa,
mtoto akaurithi mkanda kabla ya kiuno.
Bi Anstey aliandika kwenye kadi: mwanamume, mkulima?
akaiachia alama ya kuuliza kazi iliyobaki.

Jumapili nikampelekea Odling, maana nusu ni yake.
Akaligeuza kwenye kiganja kilichopasuka.
Bei hakuuliza. Alipitisha ukucha juu ya matundu,
moja, la pili, la tatu,
ukavuka ngozi tupu, ukasimama.

"Neville naye alitoboa wake kwa msumari," akasema.
"Hapa, kwenye meza hii. Februari.
Nikamwambia tutanunua mwingine."

Birika likachemka, likajizima.

"Lango umefunga?"

Nimefunga, nikasema.