Mlinzi wa Viatu

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
Thuwaiba mkwe wangu kawashusha wanawake kumi na mmoja
kutoka Maskati hadi Birkat el-Mauz,
riali tatu kila kichwa, na kahawa juu yake.
"Vueni," anawaambia, "ardhi iwavute uchovu.
Kanyageni taratibu. Pumueni kwa nyayo."

Nami nimepewa kiti cha kukunja na kazi:
kulinda viatu.

Nasema kwa heshima, mkwe ni mkwe,
lakini mimi mzaliwa wa Wete, na kwetu miguu mitupu
haikuwa dawa, ilikuwa hali.
Funza nimetolewa kwa pini, mdomoni nimeuma kanga.
Mama alidunduliza senti za karafuu misimu miwili
ninunuliwe ndara za Iddi;
nikazivaa mikononi njia nzima, zisichakae.
Angefufuka leo akasikia bei hii
angeuliza: wanalipa wavishwe, au wavuliwe?

Sasa nina viatu vya mpira mnene, vya hospitali,
rangi ya uji.
Sukari.
Daktari Shobhana alinigusa kwa uzi mgumu
mfano wa unywele wa mkia wa farasi,
macho nimeyafumba.
"Hapa? Na hapa?"
Ndiyo, nikajibu. Ndiyo. Ndiyo.
Nilipofumbua, uzi ulikuwa mezani zamani.
Wahenga walisema heri kujikwaa dole;
mimi nilijikwaa ulimi, kwa kuwa dole halisemi tena.
"Asitembee pekupeku," akaandika, "hata chooni."

Basi nalinda.
Kiatu hiki kisigino kimelika upande wa ndani.
Hiki kimeandikwa kwa wino jina la mtoto.
Hiki kimeshindiliwa karatasi mbele: kikubwa, au si chake.
Wenyewe wanapita mitendeni kwa ncha za vidole,
kila kokoto "ah!", kila ukuti "ah!"
Motalib, mfungua zamu za maji,
kasimama na tambara la kuzibia mfereji,
matope hadi magotini, peku tangu alfajiri,
wala hakulipa mtu.
Akawatazama. Akanitazama.
Lugha hatuna moja, lakini kicheko kilikuwa kilekile.

"Bibi, wapo samaki!"
Muzna, miaka saba, hana habari na daktari.
Tukashuka chini ya pahala pa kuteka,
maana maji ya falaji yana adabu yake,
nikavua. Mungu anisamehe, na Shobhana.

Mguu wa kulia uliruka: baridi!
Wa kushoto ukaingia kama mguu wa meza.
Wakaja samaki wadogo, weusi, wembamba kama shazia,
wakaanza kunidonoa.
Huku nikatekenyeka, nikacheka hadi gego.
Huku nikawaona tu wanakula,
kama mtu anayetazama karamu ya jirani dirishani.
Na huko ndiko walikojaa zaidi.
Sijui niseme nini juu ya hilo.

Kisha nikatembea ukingoni hatua nne.
Nimezihesabu: nne.
Muzna mbele, kinyumenyume,
anapangusa kwa kiganja jiwe baada ya jiwe
kabla sijakanyaga.

Nikakaa. Akauinua wayo wangu wa kushoto
akauleta karibu na macho, kama asomaye barua ya mtu mwingine.
"Mwiba?"
"Hamna."
"Damu?"
"Hamna."
"Mbona basi umenyamaza?"
"Kuna sisimizi, Bibi, anapanda kisiginoni. Humsikii?"

Thuwaiba anarudi na watu wake, wanauliza viatu.

"Namsikia," nikasema.
"Mwache apite."