Pijo Iliyonyamaza

Stika haitaki bati la moto.
Ukiibandika saa saba inajikunja kama utando wa maziwa,
ndiyo maana nilimwambia alete gari mapema.
Beldine Nyangweso akaingia nalo uani kwangu, Kibuye,
na sikumsikia.
Nilikuwa nimeinama, nachanganya maji na sabuni ya unga,
nikainua kichwa, taa mbili ziko magotini pangu.
"Ungeniua," nikamwambia.
"Basi unaelewa nilichofuata," akasema.

Pijo ya babake. Naijua.
Ilibeba mpunga wa Ahero miaka ishirini na mitatu,
ikianza kukohoa Rabuor, na sisi Nyamasaria
tukajua ni wakati wa kutia chai motoni.
Sasa chini ya boneti hakuna kifua.
Fundi Shivachi aling'oa injini nzima,
akapanga betri kama matofali ya tanuri,
akapitisha nyaya nene za rangi ya chungwa.
Palipokuwa na tangi ameacha pengo.
Anasema patakaa jeki.

Tukaanza na za tahadhari:
radi nyeusi ndani ya pembetatu ya manjano,
HATARI, UMEME MKALI,
moja mbele, moja nyuma, moja ubavuni
atakapotazama mzimamoto, siku ambayo Mungu aiepushe.
Nanyunyiza, nalaza, nasukuma maji
kwa kadi ya benki iliyokwisha muda
(faida pekee niliyopata kwenye benki ile).
Kiputo kikikaidi, nakitoboa kwa sindano.

Kisha mlango.
Herufi T, herufi W, na 1190 kwa brashi.
Brashi yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba,
tisa yangu ina mkia wa tumbili hadi leo.
"Uzito umebadilika," akasema,
akatoa mfukoni karatasi ya mizani, imekunjwa mara nne:
1265.
Nikauliza kilo sabini na tano zote hizo ni za nini.
Betri, akasema. Akanyamaza.
Akasema, mzee naye alikuwa na kilo kama hizo, mwishoni.
Nikafuta namba taratibu kuliko inavyohitajika.

Kilichonishinda ni kifuniko cha mafuta.
Pale niliandika DISELI PEKEE,
S mahali pa Z, kubwa, nyekundu, na kivuli chake.
Mzee aliliona kosa, akanilipa vilevile:
"Gari halijui kusoma, kijana. Linajua kunywa."
Nikatia thina, nikasugua. Rangi ikatoka.
Neno halikutoka.
Jua la miaka yote hiyo lilikuwa limepauza bati,
isipokuwa chini ya herufi, ambapo buluu ilibaki mbichi,
na kosa langu likasimama wazi
kuliko siku nilipoliandika.

Nilikuwa nimemkatia UMEME TU kwa mashine,
nyeupe, pembe zake kali kama wembe.
Nikaipima juu ya lile neno ili nilizibe.
Beldine akanishika kiwiko.
"Shusha kidogo. Acha yasomeke yote mawili."
Watu watacheka, nikamwambia.
"Wacheke. Waliocheka wamegeuka kutazama."

Ikabaki boneti.
Pijo yenye kikohozi haikuhitaji tangazo,
kila kuku wa Ahero aliijua.
Hii inakuja kama habari mbaya, kimyakimya.
"Andika chochote," akasema,
"bora mtu wa mkokoteni aruke."

Mashine nikaiacha.
Nikaitafuta brashi ndani ya kopo la kahawa,
nywele zimekakamaa; nikailowesha
mpaka ikakumbuka kuinama.
Mkono ulitetemeka kwenye herufi ya kwanza, kisha ukatulia.

NIKO HAPA

Nikamwambia asubiri hadi kesho, ikauke.
Hakusubiri. Akarudi nyuma, akakata kona
na maneno yakiwa bado yanang'aa unyevu,
na muuza ndizi aliyekaa katikati ya lango
akainua macho, akasoma midomo ikichezacheza,
akavuta karai lake pembeni.